Taa ya betri inawaka na alteneta ni nzima: anzia kwenye soketi

Gari la miaka ya tisini likianza kuwasha taa ya betri, hukumu hutolewa haraka: alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiunguruma, imekufa. Mwenye gari anaagizwa dukani, analeta alteneta ya mtumba, inafungwa, taa inazimika, watu wanapeana mikono. Wiki mbili baadaye anarudi usiku kutoka Usa River, mvua inanyesha, taa kubwa na waipa vinafanya kazi, na ile taa nyekundu iko palepale. Alteneta ya kwanza haikuwa na kosa. Kilichotibu kwa muda ni kule kuchomoa soketi ya nyaya zake na kuichomeka tena: pini zilisuguana, kutu ikakwanguka kidogo, umeme ukapita. Kisha kutu ikarudi.

Ningekuwa na amri, fundi yeyote hapa Arusha, awe na gereji Unga Limited au awe anafanyia kazi chini ya mti Ngaramtoni, asingeruhusiwa kulegeza bolti ya alteneta kabla hajashika soketi yake kwa mkono. Soketi yenye nyaya zake ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na alteneta, na magari yetu ya zamani yanaiumiza kwa kila njia: joto la injini, vumbi la kiangazi, tope la masika, oili inayovuja, na maji ya presha ya vijana wa kuosha magari wanaoamini injini inatakiwa ing'ae.

Haya ninayoeleza yanahusu magari ambayo bado yamejaa barabarani kwetu: Corolla AE100 na AE110, Mark II GX90, Noah SR40 za abiria, Hilux za injini 2L hadi 5L, Land Cruiser za watalii zenye injini ya 1HZ. Nyingi zina alteneta ya Denso ambayo kataauti yake, kile kifaa kinachodhibiti chaji, iko ndani. Magari mapya zaidi, ambayo kompyuta ndiyo inayoamuru chaji ipande au ishuke, yana hesabu nyingine.

Nyaya nne

Nyuma ya alteneta ya aina hii kuna nyaya nne, na kila mmoja una dalili zake ukiumia.

Waya wa B ndio mnene. Huu unapeleka chaji kwenye betri na kwenye gari zima. Hauingii kwenye soketi. Una jicho la shaba linalofungwa kwa nati kwenye bolti, na juu yake kifuniko cha mpira, kama bado kipo. Njiani unapita kwenye fyuzi kubwa ya ALT, iliyofungwa kwa bolti ndani ya boksi la fyuzi karibu na betri.

Tatu zilizobaki ndizo zilizo kwenye soketi. IG inaleta umeme kutoka swichi ya ufunguo na kuiamsha kataauti. S inatoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi ndogo, na kataauti inaitumia kusoma betri ina volti ngapi ili ijue iongeze au ipunguze. L inakwenda kwenye taa ya dashibodi. Herufi hizo mara nyingi zimechapwa kwenye mwili wa alteneta au kwenye plastiki yake. Futa oili kwa kitambaa utaziona. Usifuate rangi za nyaya. Gari la miaka thelathini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja aliunga kwa waya aliokuwa nao siku hiyo.

Nissan nyingi za umri huo zina pini mbili tu, S na L. Hapo L ina kazi mbili: inawasha taa, na umeme unaopita kwenye balbu ya taa hiyo ndio unaoiamsha alteneta. Kwa hiyo balbu ndogo ya dashibodi ikiungua, alteneta inaweza kugoma kuchaji mpaka uikanyagie mafuta mengi, au isichaji kabisa. Watu wameuziwa alteneta kwa sababu ya balbu.

Kabla ya kulaumu chochote

Mkanda wa feni uliolegea unateleza, na mara nyingi utapiga kelele asubuhi ya baridi. Teminali za betri zenye unga mweupe zifunguliwe, zisuguliwe kwa msasa, zikazwe. Fyuzi za ALT, ALT-S, GAUGE na ENGINE uzipime kwa mita, usiziangalie kwa macho tu. Fyuzi kubwa ya ALT ikiwa imekatika, muulize mwenye gari kama aliazima betri hivi karibuni. Ni fyuzi inayokatika sana pale mtu anapobusti gari kwa kugeuza chanya na hasi.

Vifaa ni viwili. Mita ya bei ndogo, na balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa waya mbili ndefu. Balbu ina sababu yake. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo pini iliyooza kwa kutu ya kijani bado itaionyesha volti 12.5 na wewe utaandika kwamba waya ni mzima. Balbu inavuta karibu ampea 2. Kwenye pini hiyohiyo itawaka kwa mwanga hafifu au haitawaka, na hapo umeshajua.

Kuna kipimo kimoja cha mtaani nakipinga kabisa: kuchomoa teminali ya betri injini ikiunguruma ili kuona kama itazima. Betri ndiyo inayomeza misukosuko ya umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu sana kwa sehemu ya sekunde, na kompyuta ya injini, redio, au kataauti yenyewe vinaweza kuondoka hapohapo. Kipimo hicho ni urithi wa enzi za dinamo, kwenye gari lenye kompyuta ni hasara.

Namba za kushika

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa inaonyesha volti 12.6. Volti 12.2 ni nusu. Chini ya 12, ipeleke ikachajiwe kwanza, maana vipimo vyote vitakavyofuata vitakupotosha.

Injini ikiunguruma kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, betri inatakiwa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Asubuhi ya Julai hapa Arusha namba itakuwa juu kidogo kuliko mchana wa Moshi, kwa sababu kataauti hupandisha chaji kukiwa na baridi na kuishusha kukiwa na joto. Hilo si ugonjwa. Land Cruiser za mfumo wa volti 24 zisome maradufu, kama 27 hadi 29.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Washa taa kubwa, feni ya ndani mpaka mwisho, na kipasha joto cha kioo cha nyuma kama kipo. Injini ikiwa kwenye 2,000, weka ncha nyekundu ya mita kwenye bolti ya B na ncha nyeusi kwenye kichwa chanya cha betri chenyewe, si kwenye teminali. Unapima volti zinazopotea njiani. Volti 0.2 ni sawa. Ikifika 0.5, kuna mahali panapochemka. Rudia upande wa hasi: ncha moja kwenye mwili wa alteneta, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, hapo isizidi 0.2. Ethi ya injini, yaani waya wake wa upande wa hasi, ikioza hutoa dalili zilezile za alteneta mbovu, na ni mara chache mtu huinama kuitazama.

Ili uone kwa nini sehemu ya kumi ya volti ina uzito, chukua jicho la B lililolegea lenye ukinzani wa omu 0.02 tu. Ampea 60 zikipita hapo, zinapotea volti 1.2, na joto linalozaliwa ni wati 72. Ni kama umeacha pasi ya lehemu imewashwa juu ya bolti hiyo kutoka Arusha hadi Himo. Plastiki ya jirani haina namna ya kupona.

Taa haiwaki hata kabla ya kuwasha injini

Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, injini usiiwashe. Taa ya betri inatakiwa iwake pamoja na ya oili. Isipowaka, chomoa soketi, chukua kipande cha waya, gusisha tundu la L upande wa soketi na bodi ya gari. Taa ikiwaka, waya na balbu ni vizima. Tafuta kwenye IG, kwenye pini ya L isiyoshika, au ndani ya alteneta. Isipowaka, balbu imeungua, fyuzi ya GAUGE imekatika, au waya wa L umekatika njiani.

Kwa IG tumia balbu yako: waya mmoja kwenye tundu la IG, mwingine kwenye bodi. Ufunguo ukiwa umefunguliwa inatakiwa iwake kwa nguvu zake zote. Taa ya dashibodi iliyo kimya, pamoja na betri iliyobaki kwenye volti 12 injini ikiunguruma, mara nyingi ni IG. Ikiwa taa iko kimya lakini chaji ni 14.2, basi kwenye Toyota ya pini tatu ni L peke yake imekatika. Gari litatembea tu, ila siku chaji itakapokatika kweli hakuna wa kukuambia.

Taa inawaka injini ikiunguruma

Pima betri kwanza. Ikionyesha 14 na taa inawaka, usiguse alteneta. Zima injini, chomoa soketi, fungua ufunguo. Taa ikibaki inawaka na soketi iko mkononi mwako, waya wa L umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Ufuate, mara nyingi ni pale unapopita karibu na bano la chuma. Taa ikizimika, nenda kwenye S. Balbu kati ya tundu la S na bodi inatakiwa kuwaka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Isipowaka, anza na fyuzi ya ALT-S, kawaida ampea 7.5. Kwenye Denso nyingi S ikikatika kataauti inatambua, inawasha taa, na inaendelea kuchaji kwa kusoma volti za B yake yenyewe. Ndiyo maana unapata taa na chaji kwa pamoja.

Taa ikiwaka na volti ni 12 zinazoshuka, huku IG na S zimewasha balbu vizuri, L imewasha taa ya dashibodi ilipogusishwa bodi, fyuzi kubwa ya ALT ni nzima na mkanda unakamata, hapo sasa alteneta ifunguliwe. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha, au kataauti imekufa. Kesi hizo zipo na ni nyingi. Ninachokataa ni kuanzia huko.

Taa inacheza na barabara

Hii ndiyo dalili ya soketi yenyewe kuliko zote. Lami ikiwa nzuri taa imelala, ukiingia barabara ya vumbi inaanza kukonyeza. Madereva wa watalii wanaopita yale mawimbi ya barabara kati ya Ngorongoro na Naabi, lango la Serengeti, wanaijua vizuri. Mtikisiko wa saa nyingi unapanua pini jike, klipu ya plastiki iliyokauka kwa joto inavunjika, na soketi inabaki imekaa kwa mazoea.

Injini ikiwa inaunguruma, vua saa, kunja mikono ya shati, na utumie kijiti cha mbao kuigusa soketi na nyaya zake pole pole huku mwenzako akitazama dashibodi. Mkono usiingie, feni na mkanda viko hapohapo. Taa ikibadilika ukigusa soketi, ni pini. Ikibadilika ukisukuma waya sentimita kumi kutoka soketi, waya umekatika ndani ya ganda lake. Ganda linaweza kuwa zima kabisa huku shaba ya ndani imekatika. Bonyeza kwa vidole kidogo kidogo, sehemu iliyokatika inakuwa laini na kupinda kirahisi kuliko nyingine.

Betri inachemka

Balbu za taa kubwa zinaungua ovyo, maji ya betri yanaisha, na ukifungua boneti kuna harufu ya mayai yaliyooza. Pima: ukikuta zaidi ya volti 15, alteneta inachaji kupita kiasi. Kabla ya kuihukumu kataauti, angalia pini ya S. Ikiwa na kutu nyingi, kataauti inasomewa volti pungufu, inadhani betri ina njaa, inaongeza. Pima volti kwenye waya wa S nyuma ya soketi, injini ikiunguruma na soketi imechomekwa, kisha pima kwenye betri. Namba mbili zikipishana zaidi ya 0.3, umempata mhalifu kati ya hapo na betri. Zikilingana na chaji bado ni 15, ichomoe soketi uikague pini kwa ndani, maana kutu inaweza kuwa mbele ya pale ulipopima. Pini ikiwa safi na inakamata, kataauti imekufa.

Mwanga hafifu wa taa unaoonekana usiku tu, hasa kwenye Nissan, ni kitu kingine: pande mbili za balbu hazina volti sawa. Fanya kile kipimo cha B. Kikiwa safi, weka mita kwenye volti za AC na upime betri injini ikiunguruma. Zaidi ya 0.5 inaelekeza kwenye dayodi za alteneta, zinazogeuza AC kuwa umeme wa betri (DC).

Hakuna taa, lakini betri zinakufa

Mama mmoja mwenye Noah ya abiria alileta gari na malalamiko.

"Fundi, hii ni betri ya pili na Krismasi bado."

"Shikamoo mama. Taa ya betri inawaka?"

"Marahaba. Haijawahi. Huyu dereva wangu ndiye analala na redio."

Noah hizi za SR40 injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo alteneta inakula vumbi na tope la chini siku nzima na hakuna anayeiona. Betri ilionyesha 13.1 taa zikiwa zimewashwa. Bolti ya B ilionyesha 14.4. Volti 1.3 zimepotea kwenye waya mmoja. Kifuniko cha mpira kilikuwa kimeganda kama karatasi, chini yake jicho la shaba limegeuka rangi ya bluu na kahawia, na nati ilizunguka kwa vidole. Alteneta ilikuwa inachaji, kwa hiyo taa haikuwaka, betri ilikuwa inashiba nusu kila siku mpaka ikafa. Dereva alisamehewa.

Kutengeneza

Fungua hasi ya betri kwanza, na uiweke pembeni isirudi yenyewe. Waya wa B una umeme wa betri muda wote. Spana ikigusa B na bodi kwa pamoja, itaungana na chuma na wewe ukiwa umeishika.

Piga picha ya soketi kwa simu kabla ya kukata chochote: mbele, nyuma, na jinsi nyaya zinavyoingia. Chomoa kwa kubonyeza klipu na kushika plastiki, usivute nyaya. Plastiki ya zamani ikigoma, pulizia dawa ya kusafishia soketi za umeme na usubiri.

Ikiwa plastiki ni nzima na pini zina kutu tu, zisafishe kwa dawa hiyo na brashi ndogo ngumu. Msasa mzito unaondoa bati lililopakwa juu ya shaba na kutu inarudi haraka kuliko mwanzo. Kisha pima ushikaji. Tafuta pini dume ya saizi ileile kutoka soketi ya alteneta chakavu, iingize kwenye kila pini jike peke yake, halafu ivute. Inatakiwa igome kidogo na kuacha ukinzani mkononi. Inayoingia na kutoka bila kujisikia ndiyo inayokusumbua. Kuna wanaoibana kwa ncha ya bisibisi. Inasaidia kama chuma bado kina spiringi, lakini pini iliyowahi kuungua imelainika na itafunguka tena. Badilisha.

Plastiki ikiwa imeyeyuka au klipu imevunjika, nunua soketi yenye mkia wa nyaya zake. Kwa wauza spea za mtumba omba wakukatie pamoja na waya wa sentimita 15 hadi 20, na uende na ya zamani mkononi. Soketi za duara bapa na za mraba zinafanana ukiwa mbali, mpangilio wa pini haufanani, na kuna za pini nne. Usikubali inayoingia kwa kulazimishwa. Kufunga kamba ya plastiki kuzunguka alteneta ili ishikilie soketi isiyo na klipu ni dawa ya kufikia nyumbani tu.

Kwenye waya wa zamani, kata kurudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki lehemu na haibaniki vizuri. Kama weusi umeingia sentimita kumi, kata kumi na uongeze kipande cha waya wa unene uleule. Usiweke waya wa spika za redio. Kata nyaya tatu kwa urefu tofauti, ili viungo vitatu visikae sehemu moja na kugusana siku ganda likichoka.

Kuhusu kubana au kulehemu, mafundi watabishana mpaka jioni. Mimi nabana kwa teminali za shaba na koleo lake la kubania, si kwa plaizi. Lehemu inapanda ndani ya nyuzi za waya na kuzigeuza kuwa fimbo ngumu, na pale fimbo inapoishia ndipo mtikisiko wa injini unapokatia. Ukilehemu, tumia lehemu ya umeme yenye dawa yake ndani, kamwe usitumie tindikali ya mafundi bati, na ufunge waya kwenye kitu kigumu sentimita chache baada ya kiungo ili usichezecheze. Kusokota nyaya na kuzungushia nailoni sikutaji kama njia.

Vaa kila kiungo mrija wa plastiki unaonywea kwa joto, ule wenye gundi ndani, na kumbuka kuuvisha kwenye waya kabla ya kuunga. Upashe kwa moto wa mbali; kibiriti kikigusa kinaunguza upande mmoja na mwingine unabaki wazi. Ndani ya soketi weka grisi ya silikoni kidogo sana. Grisi ya beringi inakusanya vumbi, achana nayo.

Upande wa B, sugua jicho na uso wa bolti mpaka ving'ae. Angalia kile kikombe cheusi kinachotenganisha bolti na mwili wa alteneta. Kikiwa na ufa, umeme una njia ya kwenda bodi na moto hauko mbali. Jicho lililogeuka bluu libadilishwe. Kaza nati ikamate vizuri, lakini usitumie spana ndefu: bolti ile imeshikwa ndani kwenye bamba la dayodi, na ukiizidishia inazunguka yote na kuharibu kilichokuwa kizima. Funika kwa mpira.

Pitisha nyaya mbali na bomba la ekzosi na mkanda, na uziachie ulegevu kidogo. Injini inayumba kwenye mipira yake kila unapoondoka; waya uliokazwa kama kamba ya nguo utachomoa pini yako mpya ndani ya mwezi.

Rudisha hasi ya betri, washa, urudie kipimo cha B na cha ethi na mizigo yote ikiwa imewashwa. Kisha endesha nusu saa, ikiwezekana usiku taa zikiwaka. Rudi, zima, gusa soketi na nati ya B kwa mgongo wa kidole. Joto la injini ni la kawaida. Sehemu moja ikiwa moto zaidi ya majirani zake, haijakamata, fungua tena.

Soketi mpya ikiungua tena

Nyaya za IG, S na L zinabeba umeme mdogo, hazina sababu ya kuyeyusha plastiki. Soketi ikiyeyuka mara ya pili, joto linatoka kwa jirani. Kwanza shuku jicho la B, liko sentimita chache tu. Pili, angalia kama kuna aliyefunga alteneta ya ampea nyingi zaidi kwa ajili ya friji na taa za ziada, jambo la kawaida kwenye magari ya safari, akaacha waya wa B na fyuzi za kiwandani. Waya mwembamba utachemka hata ukiwa mpya, na dawa ni kuupitisha mwingine mnene hadi betri wenye fyuzi yake. Tatu, beringi ya nyuma iliyokwisha inaipasha alteneta nzima; izungushe kwa mkono mkanda ukiwa umetolewa, usikie.

Kwenye Hilux na Land Cruiser za dizeli kuna la nne. Pampu ya vakyumu ya breki imefungwa mgongoni mwa alteneta na inapitiwa na oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili inaingia kwenye kaboni na kulowesha soketi kutoka nyuma, plastiki inavimba na kulainika. Badilisha sili na bomba za oili kwanza, soketi baadaye. Na ukishaifungua alteneta hiyo, usimruhusu mtu alisogeze gari kwa kuliachia mteremkoni: bila pampu hiyo pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe.